Barabara za mwelekeo mmoja: Nani hunufaika na nani huumia?

Kila mtoto anayeanza shule hapa nchini hufundishwa somo lile lile la barabarani: tazama kulia, tazama kushoto, kisha tazama kulia tena kabla ya kuvuka. Lakini watu wazima wanaofanya kazi katikati ya jiji husahau somo hili mara tu wanapofika kwenye barabara ambayo magari yake huenda upande mmoja pekee. Hutazama kule magari yanakotoka, wakaona pamenyamaza, wakaingia barabarani. Wengi hufika ng'ambo salama. Wachache hugongwa na bodaboda, baiskeli au mkokoteni uliokuwa ukija kutoka upande ambao hakuna aliyedhani ungetoka kitu.

Barabara za mwelekeo mmoja, au wanwei kama madereva wanavyopenda kuziita, zimekuwa sehemu ya miji mikubwa kote duniani kwa miaka mingi. Huzungumziwa sana kama jambo la msongamano wa magari: je, zinapunguza foleni au la? Ni mara chache watu huuliza zinafanya nini kwa afya ya wakazi. Hata hivyo, mpangilio wa barabara huamua gari litaenda kwa kasi gani, mtu atavukia wapi, na mwenye baiskeli atapita njia ipi. Mambo hayo matatu ndiyo huamua nani atafika nyumbani jioni na nani atalala katika wadi ya majeruhi.

Katika miaka ya hivi karibuni, zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya, na kundi kubwa zaidi kati yao ni waendao kwa miguu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani kote duniani mwaka wa 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa watu wasio na bati la kuwakinga: waendao kwa miguu, waendeshaji baiskeli na waendeshaji pikipiki. Kwa hivyo suala la mwelekeo wa barabara si la wahandisi pekee.

Kwa nini zilianzishwa

Magari yalipoongezeka mijini, hasa baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wapangaji wa miji walitafuta njia ya kupitisha magari mengi zaidi bila kubomoa majengo ili kupanua barabara. Jibu la haraka lilikuwa kugawanya kazi: barabara hii ipeleke magari, na ile iliyo sambamba nayo iyarudishe. Mji wa Hamilton nchini Canada, kwa mfano, uligeuza barabara zake nyingi kuwa za mwelekeo mmoja mwaka wa 1956.

Faida yake huonekana wazi kwenye makutano. Pale barabara mbili za kawaida zinapokutana, kila moja ikiwa na magari yaendayo na yarudiyo, wahandisi huhesabu sehemu 32 ambapo njia ya gari moja inaweza kukutana na ya gari jingine, iwe kwa kukatana, kuungana au kuachana. Barabara hizo mbili zikifanywa kuwa za mwelekeo mmoja, sehemu hizo hupungua hadi 5. Hakuna tena gari linalosimama katikati ya barabara likisubiri nafasi ya kukata kona mbele ya magari yanayokuja. Hakuna kugongana uso kwa uso.

Taa za trafiki nazo hupangika kwa urahisi. Zinaweza kufuatana ili dereva akipata taa ya kijani kwenye makutano ya kwanza, aipate pia kwenye ya pili na ya tatu. Magari husafiri kwa makundi, na baina ya kundi moja na jingine hupatikana mwanya.

Mwanya huo humfaa pia anayevuka kwa miguu. Katika barabara ya kawaida isiyo na kisiwa katikati, ni lazima asubiri pande zote mbili ziwe wazi kwa wakati mmoja. Katika ile ya mwelekeo mmoja anasubiri upande mmoja tu. Ndiyo sababu kwa miaka mingi iliaminika kwamba barabara hizi ni salama kwa kila mtu.

Kasi ndiyo huleta balaa

Tatizo huanza pale foleni inapopungua. Dereva anapojua kwamba hakuna gari litakalomjia usoni, na kwamba ana nafasi ya kupita mwenzake kulia au kushoto, mguu wake huzidi kukandamiza mafuta bila yeye kutambua. Barabara pana, iliyonyooka na isiyo na kizuizi humwambia aende haraka hata kama kibao cha kando kinamwambia vingine.

Sheria ya Kenya inamtaka dereva asizidi kilomita 50 kwa saa mjini. Hebu tufanye hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde. Dereva akimwona mtu ghafla, huchukua takribani sekunde moja kabla ya mguu wake kugusa breki, kisha gari huhitaji umbali mwingine kama huo kabla ya kusimama. Kwa jumla ni kama mita 28 kwenye lami kavu. Lau angekuwa akienda kilomita 30 kwa saa, angesimama baada ya mita 13 hivi. Mtu aliye umbali wa mita 20 mbele ya gari la kwanza atagongwa. Aliye umbali huo huo mbele ya gari la pili hataguswa kamwe.

Nguvu ya mgongano nayo haiongezeki sawa na kasi. Gari la kilomita 50 kwa saa hugonga kwa nishati inayokaribia mara tatu ya gari hilo hilo likienda kilomita 30. WHO husema kwamba wastani wa kasi ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali za kuua huongezeka kwa asilimia 4. Pia husema kwamba uwezekano wa mtu anayetembea kufa baada ya kugongwa na sehemu ya mbele ya gari huongezeka mara 4.5 kasi inapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa.

Mtu mzima anayegongwa na gari dogo kwa kawaida hupigwa kwanza miguuni, kisha hutupwa juu ya boneti, na kichwa chake hugonga kioo au lami. Ndiyo maana majeruhi wengi huwa na mifupa ya miguu iliyovunjika pamoja na majeraha ya kichwa. Mtoto, kwa kuwa ni mfupi, hupigwa kifuani au kichwani moja kwa moja.

Gari la pili lisiloonekana

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Barabara nyingi za mwelekeo mmoja huwa na safu mbili au tatu za magari yote yakielekea kule kule. Dereva wa safu ya kwanza akiwa mstaarabu, husimama na kukupungia mkono uvuke. Unashukuru, unaingia. Lakini gari lake, hasa likiwa matatu au lori, limekuficha usionekane na dereva wa safu ya pili, nawe pia humwoni. Unapotokeza tu mbele ya matatu, gari la pili limefika.

Hali kama hiyo hutokea pale matatu inaposimama popote kuteremsha abiria. Abiria hushuka na kukatiza mbele ya gari lile lile alilokuwa amepanda, akidhani kwamba kwa kuwa limesimama basi barabara nzima imesimama.

Wanaoumia zaidi hapa ni wazee, kina mama wajawazito, wenye magongo na wanaobeba mizigo. Mtu mwenye nguvu huvuka safu mbili za magari, yaani takribani mita saba, kwa sekunde sita hivi. Katika sekunde hizo gari la kilomita 50 kwa saa limepita zaidi ya mita 80. Mzee anayetembea polepole huhitaji sekunde nane au zaidi, na gari limekwisha kupita mita 110. Gari ambalo lilionekana kuwa mbali sana alipoanza kuvuka humkuta bado yumo barabarani.

Upande usiotazamwa

Turudi kwa yule anayetazama upande mmoja. Kenya tunaendesha kushoto, hivyo katika barabara ya kawaida gari la kwanza kukufikia hutoka kulia kwako. Macho yamezoea hivyo tangu utotoni. Lakini katika barabara ya mwelekeo mmoja, magari yanaweza kutoka kushoto, kutegemea umesimama upande gani. Mtu aliyezoea huchanganyikiwa, na mgeni aliyefika mjini jana huchanganyikiwa zaidi, hasa mahali ambapo kibao cha mshale kimeng'olewa au kimefunikwa na matangazo.

Isitoshe, si kila chombo hufuata mshale. Mwendeshaji bodaboda anayetaka kufika mtaa wa pili huona uvivu wa kuzunguka majengo matatu, akaamua kupenya kinyume kwa mita hamsini tu. Mwenye mkokoteni hufanya hivyo kwa sababu kuusukuma mzigo wa magunia sita kuzunguka mtaa mzima ni adhabu. Hutembea ukingoni, karibu kabisa na pale watu wanaposhukia kutoka kando ya barabara.

Dereva wa gari pia hunaswa na mtego huo huo. Anapotoka katika barabara ndogo kuingia ile ya mwelekeo mmoja, hugeuza shingo upande magari yanakotoka na kusubiri mwanya. Akiupata, huondoka huku shingo yake bado imegeukia kule. Pikipiki au baiskeli inayokuja kinyume haimo akilini mwake hata kidogo.

Hapa ndipo jambo ambalo lilikusudiwa kuleta usalama hugeuka kuwa hatari. Barabara ya mwelekeo mmoja humpa kila mtu uhakika kwamba upande wa pili hauna kitu. Uhakika huo ukiwa wa uongo, hakuna anayejiandaa.

Watoto wa mtaa maskini

Mji wa Hamilton tuliokwisha kuutaja ndio uliotoa funzo kubwa kuhusu watoto. Watafiti walichunguza ajali za watoto waliogongwa wakitembea katika mji huo kati ya 1978 na 1994, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2000 katika jarida la afya ya jamii la Canada. Waligundua kwamba kiwango cha watoto kuumia kilikuwa mara 2.5 zaidi katika barabara za mwelekeo mmoja kuliko katika barabara za kawaida. Aidha, watoto wa mitaa maskini zaidi waliumia mara 3 zaidi ya wale wa mitaa ya wenye uwezo.

Matokeo haya hayashangazi mtu akifikiria kidogo. Mtoto mdogo hawezi kukadiria vyema kasi ya gari linalomjia. Yeye hupima umbali tu: gari liko mbali, basi nitawahi. Isitoshe, kimo chake humfanya asionekane nyuma ya gari lililoegeshwa. Na mtoto wa mtaa maskini ndiye anayetembea kwenda shuleni, ndiye anayetumwa dukani, na ndiye ambaye uwanja wake wa kuchezea ni barabara.

Mwenye baiskeli

Kwa dereva wa gari, kuzunguka mtaa kwa sababu ya mshale ni usumbufu wa dakika chache. Kwa mwenye baiskeli ni jasho. Mita 600 zaidi asubuhi na nyingine jioni, tena penye mlima, humfanya ajiulize kama baiskeli ina faida yoyote. Zaidi ya hayo, kuzunguka humpeleka kwenye barabara kubwa zenye mabasi na malori, ambazo alikuwa akizikwepa.

Ndani ya barabara yenyewe ana shida nyingine. Hupaswa kukaa kushoto, mahali ambapo matatu huingia na kutoka bila ishara na milango ya magari yaliyoegeshwa hufunguliwa ghafla. Akitaka kukata kona kulia, hulazimika kuvuka safu mbili au tatu za magari yanayokwenda kasi kuliko yeye.

Nchi kadhaa za Ulaya zimejaribu dawa inayoonekana kama kichekesho: kumruhusu mwenye baiskeli, na yeye pekee, kwenda kinyume na magari katika barabara za mwelekeo mmoja. Nchini Ubelgiji, tangu 2004 sheria imetaka barabara hizo zifunguliwe kwa baiskeli pande zote mbili isipokuwa pale ambapo ni hatari. Ufaransa ilifuata mkondo huo mwaka wa 2008 kwa mitaa ambamo magari hayaruhusiwi kuzidi kilomita 30 kwa saa. Huko London, watafiti walikusanya takwimu za miaka 22 kutoka barabara 508 za mwelekeo mmoja ambazo zilifunguliwa hivyo. Utafiti wao uliochapishwa mwaka wa 2023 haukupata ushahidi kwamba ajali za waendesha baiskeli ziliongezeka.

Sababu moja inaeleweka. Mwenye baiskeli na dereva wanapokuja wakielekeana, huonana. Anayekupita kutoka nyuma ndiye usiyeweza kumwona.

Lakini msomaji asije akadhani kwamba huu ni ruhusa ya kupenya kinyume katika barabara za Nairobi, Mombasa au Nakuru. Kule Ulaya kibao kimewekwa, mstari umechorwa, magari yamepunguzwa kasi, na kila dereva anajua kwamba baiskeli itatoka upande huo. Kinachomlinda mwenye baiskeli ni kwamba anatarajiwa. Hapa kwetu hatarajiwi.

Dereva naye hulipa

Mwenye gari ambaye hufurahia kwenda bila kusimamishwa hupoteza sehemu ya faida hiyo kwa kuzunguka. Duka liko pale mbele yake, lakini mshale unampeleka mtaa wa tatu kabla ya kurudi. Kilomita zinazoongezeka huteketeza petroli, na moshi wake huvutwa na mchuuzi anayekaa kando ya barabara hiyo kutoka asubuhi hadi jioni. Moshi wa magari huchokoza mapafu ya wenye pumu na huongeza hatari ya magonjwa ya moyo, hasa kwa wale wanaoishi na kufanya kazi karibu nao.

Abiria nao huteseka kwa namna yao. Kituo cha kwenda kiko mtaa huu, cha kurudi kiko mtaa mwingine. Mgonjwa aliyeshushwa karibu na zahanati asubuhi hajui atapanda wapi jioni. Kwa mtu mwenye goti bovu au mwenye kiti cha magurudumu, tofauti ya mtaa mmoja si ndogo.

Mji wa Louisville nchini Marekani ulirudisha barabara zake mbili, Brook na First, kuwa za pande mbili mwaka wa 2011. Watafiti William Riggs na John Gilderbloom walipolinganisha hali ya kabla na baada, walipata kwamba ajali zilipungua kwa asilimia 36 katika barabara moja na asilimia 60 katika nyingine. Magari yalipunguza mwendo kwa kuwa kila dereva sasa alikuwa na mwenzake anayemjia.

Funzo la Luthuli

Je, hii ina maana kwamba barabara zote za mwelekeo mmoja zifutwe? La hasha. Jiji la Nairobi lenyewe lina mfano unaoonyesha upande wa pili.

Barabara ya Luthuli, inayojulikana kwa maduka yake ya redio, televisheni na vyombo vya muziki, ilikuwa kwa miaka mingi mahali pa kusukumana. Matatu, magari ya mizigo, wachuuzi na wanunuzi walipigania nafasi ile ile finyu. Mwaka wa 2019 serikali ya kaunti, ikisaidiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi (UN-Habitat), iliigeuza kuwa ya mwelekeo mmoja. Lakini nafasi iliyopatikana haikuachiwa magari ili yaende kasi zaidi. Ilipewa waendao kwa miguu: njia zao zilipanuliwa, miti ikapandwa na viti vikawekwa.

Tofauti iko hapo. Barabara ikifanywa kuwa ya mwelekeo mmoja huku safu za magari zikibaki mbili au tatu, mshindi ni kasi. Ikifanywa hivyo na safu moja tu ikabaki, nafasi iliyosalia ikapewa anayetembea na mwenye baiskeli, basi anayevuka ana mita tatu au nne tu za kuvuka, upande mmoja wa kutazama, na gari la pili lisiloonekana halipo tena.

Tafiti za usafiri jijini Nairobi zimeonyesha mara kwa mara kwamba karibu safari 4 kati ya kila 10 hufanywa kwa miguu. Mwaka wa 2015 kaunti ya Nairobi ilizindua sera ya usafiri usiotumia injini, iliyolenga kutenga asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa ajili ya waendao kwa miguu na baiskeli. Mkazi ana haki ya kuwauliza viongozi wake, kila barabara inapochimbwa upya, sehemu hiyo ya fedha imekwenda wapi.

Kutembea ni dawa. WHO hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, na anayetembea nusu saa kwenda kazini siku tano amekwisha kuzitimiza bila kulipa chochote. Zoezi hilo husaidia kuzuia shinikizo la damu, kisukari na unene wa kupita kiasi. Lakini mtu akiogopa kuvuka barabara atapanda matatu hata kwa mwendo wa dakika kumi, na dawa hiyo itampita.

Ufanye nini?

Kwa anayetembea: Tazama pande zote mbili daima, hata kama mshale unaonyesha upande mmoja. Dereva akikusimamishia gari, vuka hadi mwisho wa gari lake kisha usimame na uchungulie kabla ya kuingia safu ya pili. Ukishuka matatu, ingoja iondoke ndipo uvuke. Mtoto mdogo mshike mkono, wala usimwite kutoka ng'ambo ya barabara.

Kwa mwenye baiskeli au bodaboda: Usiende kinyume. Ukilazimika kurudi nyuma hatua chache, shuka na usukume ukiwa kando kabisa, pasipo kuwabugudhi wanaotembea. Sheria ya Trafiki iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2012 imefanya kuwa kosa kuendesha chombo juu ya njia ya waendao kwa miguu. Acha nafasi ya mlango unapopita magari yaliyoegeshwa, na vaa helmeti.

Kwa dereva: Gari la jirani yako likisimama bila sababu unayoiona, chukulia kwamba kuna mtu mbele yake, nawe usimame. Unapoingia barabara ya mwelekeo mmoja, geuza shingo pande zote mbili kabla ya kuondoka.

Ajali ikitokea: Piga simu nambari 999 au 112. Usimwinue majeruhi wala kumkalisha ikiwa huenda ameumia shingo au mgongo, isipokuwa yuko katika hatari kubwa zaidi pale alipo. Jeraha linalovuja damu likandamize kwa kitambaa safi bila kuachilia. Usimpe chakula wala kinywaji.

Aliyegongwa kichwani asijifariji kwamba yu mzima kwa sababu tu alisimama na kujipangusa vumbi. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu. Akianza kutapika, kusinzia kupita kiasi, kuchanganyikiwa, kupata degedege au kulalamika kwamba kichwa kinazidi kumuuma, hata siku moja au mbili baadaye, apelekwe hospitalini bila kukawia.

Mshale uliochorwa kwenye kibao humwambia dereva aelekee wapi. Haumwahidi anayevuka kwamba upande wa pili ni mtupu. Hadi barabara zetu zipangwe kwa kuwafikiria wale walio wengi, yaani wanaotembea, lile somo la darasa la kwanza libaki nasi: kulia, kushoto, na kulia tena.